Madawati Yale Yale: Habari za Shule za Msingi za Nairobi Magharibi na Watoto Waliosoma Humo

Katika vitabu vya taarifa vya miaka iliyopita, wanachama wamezoea kuona ukurasa mmoja wenye majina ya shule za watoto tunaowasaidia, kila shule pamoja na wastani wa alama tulizozikusanya wenyewe, iliyoshinda ikiwa juu na iliyoshindwa ikiwa mwisho. Mwaka huu ukurasa huo haumo. Kamati iliujadili kwa jioni mbili, na sauti zilipanda. Wengine walisema kwamba mwanachama atoaye mchango wake ana haki ya kujua shule iliyo bora. Wengine wakajibu kwamba orodha ile husema uwongo ijapokuwa kila tarakimu iliyomo ni ya kweli. Tena palikuwa na shauri zito zaidi nyuma ya maneno hayo: je, fedha za chama ziwalipie watoto wachache nauli ya kwenda mbali katika shule zenye sifa, au zibaki kununua vitabu na sare kwa watoto wengi wa shule za karibu? Shauri hilo litaamuliwa na mkutano mkuu, wala si kazi yangu kuliamua hapa. Nimeombwa tu nieleze shule hizi zilitoka wapi, na ni watoto wa nani waliokaa madawatini mwake tangu zamani, ili wanachama wapige kura wakiwa na habari kamili.

Yafaa tuanze na mji wenyewe, maana katika Nairobi mahali pa kulala ndipo palipoamua mahali pa kusoma. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukaota kando yake bila mpango mwingi. Mwaka 1913 alikuja Profesa Simpson kutazama mambo ya afya, naye akashauri kila taifa likae mbali na jingine. Wazungu walikuwa wamekwisha kupanda vilimani upande wa magharibi, penye hewa na udongo mwekundu usiotuamisha maji. Wahindi walijenga Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika waliwekwa mashariki: Pumwani, Kariokor, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 1923 kwamba haitawatenga watu mijini kwa sheria. Lakini hati za viwanja ziliandikwa maneno yaliyofanya kazi ile ile, na bei ya nyumba ikamaliza kilichosalia.

Upande wa magharibi Waafrika hawakukosekana kabisa. Walikuwako wapishi, watunza bustani, yaya na walinzi waliolala katika vyumba vya uani. Kibera nako wamekaa Wanubi, wazao wa askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles, katika ardhi iliyotangazwa kuwa ya jeshi mwaka 1918, ekari 4,197. Hao walikuwa jirani na vilima vya Wazungu, lakini mtoto wao hakuwa na njia ya kupanda kilima hicho akiwa amebeba kitabu.

Elimu ilikuwa na ngazi tatu zisizogusana. Profesa Nelson Fraser, aliyeletwa kutoka India, alitoa shauri mwaka 1909 kwamba kila taifa liwe na shule zake, na kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Idara ya Elimu ilipoanzishwa mwaka 1911 iliipokea sura hiyo, na ikadumu kwa miaka hamsini. Mwaka 1942 ikawa lazima kwa watoto wa Kizungu kwenda shule, na kwa wavulana wa Kihindi walioishi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa mtoto wa Kiafrika haikuwa lazima wala haikuwa haki. Mwaka 1949 kamati ya Mchungaji Leonard Beecher ilipendekeza utaratibu wa miaka minne minne: minne ya chini, minne ya kati, minne ya juu. Kati ya hatua ya kwanza na ya pili uliwekwa mtihani wa kuchuja. Kwa hiyo mtoto wa Kiafrika aliweza kumaliza elimu yake ya maisha akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya asubuhi moja aliyokuwa na homa. Mzungu wa umri huo, hata akiwa mvivu wa ajabu, sheria ilimtafuta nyumbani na kumrudisha darasani.

Wazee wengine husema, ‘Shule za zamani ndizo zilizofaulisha.’ Ni vema kuuliza zilimfaulisha nani, na baada ya kuwaacha wangapi nje. Shule inayochuja mara mbili kabla ya mtihani haiwezi kukosa kung'ara, kama vile mama apetaye mchele mara mbili asivyoshangaa kuona ungo wake ukiwa mweupe.

Juu ya kilima, karibu na Ikulu, ilikuwako Nairobi Primary School. Kilimani ilikuwa na shule yake, na Westlands yake. Majengo yalikuwa ya mawe, paa za vigae, viwanja vya michezo vipana, na miti ambayo mingine ingali imesimama. Katikati ya mji, kandokando ya barabara ya Racecourse, misheni ya Kikatoliki ya St. Peter Claver's iliwafundisha Waafrika mahali penye kelele za soko na mabasi, penye uwanja mdogo wa vumbi. Mtu angeweza kutembea kutoka kule hadi huku kwa saa moja, lakini hesabu ya fedha iliyotumiwa kwa mtoto mmoja wa kule na mmoja wa huku haikukaribiana hata kidogo.

Ukuta huo ulitobolewa mapema mahali pamoja. Karibu na mwaka 1950, Bwana John Karmali, mwuza dawa wa jamii ya Ismailia, na mkewe Bi. Joan, Mwingereza, walikuwa na watoto wasiokuwa na shule. Maana shule ya Wazungu iliwaona Wahindi, na shule ya Wahindi iliwaona Wazungu. Wakashirikiana na marafiki wakaanzisha shule ya mataifa yote, iliyokuja kujulikana kwa jina la Hospital Hill. Ilikuwa shule ndogo sana, na katika miaka ile ya hali ya hatari wako walioiona kuwa ni mzaha au ni hatari. Lakini ilithibitisha jambo moja dogo ambalo halikuwa limethibitishwa hapa kabla: watoto wa mataifa matatu waliketi dawati moja, wala anga haikuanguka. Shule hiyo baadaye iliingia katika hesabu ya shule za umma, na jina lake lingaliko.

Jambo jingine la miaka hiyo lilifanyika kimya, lakini athari yake ilikuwa kubwa kupita wengi walivyofahamu. Mwaka 1957 Idara ya Elimu ilianza Nairobi kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za Wahindi, na baada ya miaka michache katika za Waafrika. Njia ile ilisifiwa, na kweli madarasa yalichangamka kwa picha, kadi na nyimbo. Lakini tangu siku hiyo mtoto aliyesikia Kiingereza mezani kwao alianza mbio akiwa mbele ya mwenziwe. Kiswahili hakikufanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi mpaka mwaka 1985. Kwa muda wa karibu miaka thelathini, mtoto wa Kibera aliyejua Kinubi, Kiswahili na lugha ya jirani aliandikwa kuwa hajui lugha.

Uhuru ulipopatikana, serikali iliteua mwezi Desemba 1963 tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, na taarifa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1964. Tume ilitaka shule zote ziwe za Wakenya wote, na mbaguzi asiwe na mahali. Hilo lilitendeka. Milango ya Kilimani, Westlands na Nairobi Primary ilifunguliwa. Lakini lango lililofunguliwa kwa rangi lilibaki na bawabu mwingine, naye ni karo. Ili majengo, viwanja na walimu wenye vyeti vya juu visipotee, shule zilizokuwa za Wazungu ziliachwa zitoze karo kubwa kuliko nyingine. Watu wakazoea kuziita za daraja A. Zilizokuwa za Wahindi, daraja B. Zilizokuwa za Waafrika, daraja C. Zote zilikuwa za umma. Zote zilifanya mtihani mmoja. Halmashauri ya Jiji ilizisimamia kutoka ofisi moja.

Basi, nani aliingia daraja A? Waliingia watoto wa watumishi wakuu wa serikali waliohamia katika nyumba za Kilimani na Lavington, watoto wa mawakili, madaktari, wakuu wa mashirika, na wafanyabiashara wa Kihindi waliobaki. Sitawalaumu. Mzazi yeyote kati yetu angefanya hivyo hivyo kama angepewa nyumba na mshahara ule. Nasema tu kwamba katika muda wa miaka michache ngozi zilibadilika, lakini umbali kati ya kilima na bonde haukupungua.

Mtihani nao ulikuwa mlango mwembamba. Nafasi za shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno kulinganisha na watoto, hata cheti cha darasa la saba, kilichoitwa CPE, kikawa ndicho kisu cha kukata maisha ya mtoto. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mmoja katika Wizara ya Elimu, H. C. A. Somerset, aliupasua mtihani ule swali kwa swali. Aliona kwamba maswali mengi yalidai kumbukumbu tu, na kwamba yalimpendelea mtoto wa mji na wa shule ya karo kubwa. Mtoto wa kijijini aliyejua kupima shamba kwa hatua, au kutambua dalili za ugonjwa wa ng'ombe, hakuulizwa hayo. Baada ya kazi yake maswali yakabadilishwa yadai kufikiri zaidi, na mambo ambayo mtoto wa popote angeweza kuyaona kwa macho yake. Shule zikatumiwa kijarida cha kueleza makosa yaliyofanywa na watoto wengi, pamoja na orodha ya wilaya kwa kufuatana na matokeo yao, ili walio nyuma wajue na wasaidiwe.

Naomba wanachama wasimame kidogo hapo. Orodha ya matokeo, hiyo tunayogombana juu yake leo, ilitiwa nguvu na mtu aliyetaka kuwafaa walioachwa nyuma. Ilikuwa dawa. Ilivyogeuka kuwa uchawi ni habari ya miaka iliyofuata.

Kabla ya hapo lilikuja tangazo la sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza. Mwezi Januari 1974 watoto wa darasa la kwanza nchini walipanda kutoka karibu 380,000 hadi karibu 960,000. Hapakuwa na vyumba, walimu wala vitabu vya kuwatosha. Shule zikaanza kutoza mchango wa ujenzi, ambao mahali pengi ulizidi ile karo iliyoondolewa, na wengi wa wale watoto wakarudi nyumbani kabla ya kufika mbali. Mzee mmoja wa chama chetu, aliyekuwa darasa la pili mwaka ule, hueleza jinsi walivyokaa wanne katika dawati la wawili, wakaandika kwa zamu. Mambo hayo twayataja upesi, kwa kuwa yalirudi tena kwa sura kubwa zaidi baada ya miaka ishirini na tisa.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4, na mtihani wa KCPE badala ya CPE. Ndipo orodha ilipotawala. Kila mwisho wa mwaka Waziri alisimama mbele ya waandishi wa habari, na kesho yake magazeti yakajaa picha za watoto walionyanyuliwa mabegani, na majina ya shule kumi za kwanza, na mia za kwanza. Walimu wakuu walipandishwa vyeo kwa orodha hiyo au wakahamishwa kwa ajili yake. Watoto wa darasa la nane waliamka saa kumi usiku. Shule nyingine zikawashauri watoto dhaifu warudie darasa la saba, au wakafanyie mtihani mahali pengine, ili wasiharibu wastani. Katika mwongo uliofuata, akademia za watu binafsi ziliongezeka, zikichukua watoto wa wenye nacho na kuwaingiza katika shindano hilo, nazo hazikuwa na wajibu wa kumpokea kila agongaye mlango.

Katika hali hiyo ndipo ilipotokea sifa ya Olympic, na sehemu hii naiandika kwa furaha. Shule ya Msingi ya Olympic iko ukingoni mwa Kibera, jirani na mtaa wa Ayany. Si ya vigae wala si ya kilima. Haikurithi chochote kwa Wazungu. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, ilitajwa mara kwa mara miongoni mwa shule bora za umma za Nairobi, ikazipita baadhi ya zile za daraja A. Watu walishangaa: imewezaje? Walimu wake walifanya kazi sana, hilo halina shaka. Lakini ni lazima niseme pia kwamba shule hiyo nayo ilitoza michango, na sifa ilipoenea, wazazi wenye mishahara kutoka mitaa ya kando walileta watoto wao. Mtoto wa mabanda aliyekuwa umbali wa hatua mia mbili kutoka langoni aliweza kukosa nafasi iliyopatikana kwa mtoto ashukaye katika gari. Shule ilikuwa ya Kibera kwa mahali. Kwa madawati, nusu tu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Mwezi Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo na michango katika shule zote za msingi za umma, ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Watoto wa shule za msingi nchini walitoka karibu milioni 5.9 wakafika karibu milioni 7.2. Katika Olympic wazazi walijazana langoni tangu alfajiri, kila mmoja akimshika mwanawe mkono, na habari zake zikaenea nchi za nje. Mwezi Januari 2005 Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, aliletwa pale aone kwa macho yake. Waliofika waliona watoto wengi mno katika kila chumba, wengine sakafuni, na mwalimu mmoja akisimama mbele ya umati ambao zamani ungekuwa mkutano wa hadhara.

Alama za Olympic zilishuka. Magazeti yakaandika kwamba elimu ya bure imeua shule nzuri. Mimi naona waandishi wale walihesabu nusu ya jambo. Mtoto ambaye mwaka 2002 alikuwa akiokota chupa kando ya reli, na mwaka 2010 akapata alama 230 kati ya 500, aliushusha wastani wa shule. Asingekuja, wastani ungebaki juu, naye angebaki relini. Sasa ni lipi tuliite hasara? Wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliochunguza matokeo ya nchi nzima baada ya mwaka 2003, waliona kwamba watoto wengi zaidi walimaliza shule ya msingi, wengi wao kutoka katika nyumba maskini, na kwamba wale ambao wangekuwa shuleni hata bila ya elimu ya bure hawakupungukiwa sana katika mtihani.

Hao hao wawili walifanya kazi nyingine, iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo ningependa kila mzazi aisikie kabla ya kuuza mbuzi. Waliwatazama watoto waliokosa kwa alama chache kuingia shule za sekondari za kitaifa, zile zenye majina makubwa, na wale walioingia kwa alama chache hizo hizo. Watoto hao walikuwa kama mapacha kwa uwezo. Kilichowatenga ni bahati ya alama moja au mbili. Baada ya miaka minne matokeo yao ya mtihani hayakutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Shule kubwa ilikuwa imepokea watoto wakubwa, ikawatoa watoto wakubwa. Uchunguzi huo ulikuwa wa sekondari, wala si wa msingi, na mtoto hupata mengi shuleni yasiyo alama: marafiki, usalama, uwanja wa kuchezea. Lakini unatupasa tujiulize tunalipia nini tunapolipia jina.

Turudi kilimani. Baada ya mwaka 2003, na hata kabla yake, wenye nyumba kubwa za Lavington na Kilimani walikwisha kuwaondoa watoto wao na kuwapeleka akademia. Basi ikatokea jambo ambalo Profesa Fraser asingeliota. Madawati yale yale ya daraja A yalikaliwa na watoto wa Kawangware, Kangemi na Kibera, watoto wa walinzi na wafua nguo wa majumba yale yale. Kilimani ikawa pia na watoto wasioona, wakisoma pamoja na wenye macho katika madarasa ya mchanganyiko. Alama zake hazikuwa tena za kutangazwa ukurasa wa kwanza. Watu waliopita na magari walisema shule imeharibika. Paa ni lile lile, miti ni ile ile, na walimu hutoka vyuo vile vile. Kilichobadilika ni nani aliyemo, na ameshiba nini asubuhi.

Si kwamba watu hawakujaribu kusawazisha. Mwaka 2011 Wizara iliwatengea watoto wa shule za umma sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa, na wazazi wa akademia wakapiga kelele hadi mahakamani. Mwezi Novemba 2014 Waziri Jacob Kaimenyi alipiga marufuku upangaji wa shule na watoto kwa nafasi, na picha za mabegani zikapungua kwa kitambo, ijapokuwa shule ziliendelea kujitangaza kwa mabango langoni. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Tangu mwaka 2022 watoto wa darasa la sita hufanya mtihani wa KPSEA, ambao haukukusudiwa kumfungia mtoto mlango. Kama nia hiyo itatimia ni jambo la kutazamwa, maana tabia ya kupanga orodha imo ndani yetu sote, na kamati yetu imo.

Na ipo hatari isiyoandikwa katika orodha yoyote. Viwanja vile vipana ambavyo shule za magharibi zilirithi vina thamani kubwa kwa watu wasiopenda shule. Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa katika uwanja wao wa kuchezea. Walipousukuma, walitupiwa mabomu ya machozi. Nchi nzima iliona picha za watoto wenye sare wakifuta macho, na uwanja ukarudishwa. Viwanja vingine viliondoka kidogo kidogo bila ya picha. Pale jamii ya jirani ilipokwisha kuiondoa shule moyoni mwake kwa kuwa alama zake ni za watoto wa watu wengine, ukuta hujengwa kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo nilipoulizwa na kamati kama shule iliyokuwa ya kwanza katika ukurasa wa mwaka jana ni bora kuliko iliyokuwa ya mwisho, nilijibu kwamba sijui, na ukurasa haujui. Ile ya kwanza ina watoto arobaini darasani na wazazi wanaoweza kununua kamusi. Ile ya mwisho ilipokea mwezi Januari watoto kumi na wawili waliohamia Kawangware katikati ya mwaka wa shule, wanne kati yao hawakuwahi kushika kalamu, na kufikia Oktoba wote wanne walisoma habari fupi ya Kiswahili mbele ya mgeni, naye mgeni nilikuwa mimi. Hakuna safu ya kuandikia jambo hilo.

Wale wanachama waliotaka nauli ilipwe wana hoja yao pia, na sitaificha. Mtoto mmoja wa chama chetu huondoka Kangemi saa kumi na moja na nusu alfajiri, hupanda matatu mbili, huvuka katikati ya mji, na huwa darasani kabla ya saa moja na nusu. Mama yake asema kwamba tangu aanze safari hiyo amekuwa mtoto mwingine: aongea, auliza, ana marafiki ambao baba zao si walinzi. Nilipomwuliza mtoto mwenyewe, alisema anaipenda shule yake, ila husinzia somo la mwisho. Nauli yake ya muhula mmoja ingenunua vitabu vya hesabu kwa watoto kumi na wanne wa shule iliyo nyuma ya nyumba yao. Mhazini ameziweka hesabu zote mbili ukurasa wa kumi na tisa, bila ya kupanga lipi la kwanza na lipi la pili, na mkutano mkuu utakaa Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa.